Namna ya kuandika riwaya ya fantasia ya vijana yenye asili ya Kijapani, kwa Kiswahili

Rasimu yangu ya kwanza ya riwaya ya namna hii ilikuwa na samurai, ninja, binti mfalme, joka, mbweha mwenye mikia tisa, na maua ya micheri yakipukutika karibu kila ukurasa. Rafiki niliyempa aisome aliirudisha kesho yake na swali moja tu: "Hawa watu wanakula nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekopa mapambo yote ya nyumba bila kuikopa nyumba yenyewe.

Mwongozo huu ni kwa mwenzangu mwenye hamu hiyohiyo: umekulia kwenye katuni za Kijapani, unapenda mizimu yao, na unataka kuandika hadithi ya vijana kwa Kiswahili bila kurudia kile kila mtu ameshakiona kwenye skrini. Nitatembea na mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, maana nasaha bila mfano ni maneno tu.

Hatua ya 1: Taja mwaka na mahali

"Japani ya kale" si mahali. Tangu mji mkuu ulipohamishiwa Heian, ndiyo Kyoto ya leo, mwaka 794, hadi utawala wa mashogun, yaani majemadari watawala, ulipoanguka mwaka 1868, ni zaidi ya miaka 1,000. Ndani yake kuna enzi ya makabaila waliotungiana mashairi kasrini, kuna karne nzima ya vita vya wao kwa wao iliyoanza na vita vya Onin mwaka 1467, na kuna ile amani ndefu ya enzi ya Edo kuanzia 1603, ambapo samurai wengi waligeuka makarani wenye panga kiunoni. Mtu wa enzi moja angemshangaa mtu wa enzi nyingine kama ambavyo wewe ungemshangaa mtu wa Kilwa ya karne ya 13.

Chagua mwaka. Kisha chagua mahali padogo unapoweza kupachora kwenye karatasi: kijiji, hekalu, kivuko.

Mimi nilichagua mlangobahari wa Dan-no-ura, karibu na mji wa Shimonoseki, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Honshu. Penye wembamba zaidi haufiki kilomita 1. Mtu wa Mombasa na awaze kivuko cha Likoni, kisha aongeze mkondo wa kutisha unaogeuka kila maji yanapojaa na kupwa. Hapo, tarehe 25 Aprili 1185, koo mbili zilimaliza vita vya miaka 5. Wataira walikuja na bendera nyekundu, Waminamoto na bendera nyeupe. Masimulizi yanasema mkondo uliwabeba Wataira asubuhi, halafu ukawageuka. Walipoona mambo yamekwisha, bibi mmoja, mjane wa aliyekuwa mkuu wa ukoo wa Taira, alimkumbatia mjukuu wake na kujitupa naye majini. Mjukuu huyo alikuwa mfalme mkuu wa Japani. Jina lake Antoku, umri miaka 6. Inasimuliwa kwamba mtoto aliuliza wanakwenda wapi, na bibi akamjibu kuwa chini ya mawimbi pia kuna mji mkuu.

Nilipofika hapo nilifunga daftari, nikakaa. Usitafute jambo la kubuni kabla hujapata jambo la kweli linalokunyamazisha hivyo.

Tukio hilo lina mabaki ambayo fantasia huyala kwa pupa. Upanga mtakatifu wa kifalme ulizama siku hiyo, na inasimuliwa kwamba wapiga mbizi walitumwa kuutafuta. Kuna kaa wadogo wa bahari hiyo, gamba lao sentimita 3 hivi, wenye mikunjo mgongoni inayofanana na uso wa mtu aliyekasirika; watu husema ni mashujaa wa Taira. Na mama wa mtoto hakufa. Aliopolewa baharini kwa kunaswa nywele, akaishia kuwa mtawa kwenye hekalu dogo la milimani huko Ohara.

Hatua ya 2: Mtafute kiumbe kwa sharti lake, si kwa sura yake

Hapa ndipo wengi tunapokosea, na ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Ukimwuliza kijana wa leo kappa ni nani, atakuchorea: kijani, gamba la kobe, mdomo kama wa ndege, anakaa mtoni. Hiyo ni sura tu, na sura haikupi hadithi. Sasa sikiliza sharti lake. Kappa ana kisahani utosini chenye maji, na nguvu zake zote zimo mle. Tena ana adabu kupita kiasi: ukimwinamia, lazima naye ainame. Akiinama, maji yanamwagika. Basi mtoto anayejua kusalimia vizuri anamshinda kiumbe anayezamisha farasi. Hapo tayari una sura tatu za riwaya.

Watu wa pwani yetu watamkumbuka chunusi, anayevuta waogaji chini. Kazi yao inafanana: kumtisha mtoto asichezee maji yenye hatari. Ila usimbadilishe mmoja kwa mwingine, wala usimweleze kappa kuwa "chunusi wa Kijapani". Ukifanya hivyo msomaji ataacha kumtazama kappa na atamwona anayemjua tayari.

Mifano mingine, kwa haraka. Chombo cha nyumbani kikifikisha miaka 100 hupata roho, na kama kilitupwa bila shukrani hulipiza: hapo una mwavuli wenye jicho moja na kinyongo. Mzimu wa theluji huachilia uhai wa kijana kwa sharti kwamba asimwambie mtu yeyote alichokiona; miaka inapita, anaoa, halafu usiku mmoja anamsimulia mkewe. Na si lazima awe kiumbe. Msomi Sugawara no Michizane alisingiziwa, akahamishiwa mbali, akafa uhamishoni mwaka 903. Radi ilipopiga kasri mwaka 930 watu walisema ni yeye. Dawa yao haikuwa kumfukuza. Walimjengea hekalu na kumfanya mungu. Leo wanafunzi wa Japani huenda kumwomba wafaulu mitihani. Mzimu wenye kinyongo aliyegeuka msaidizi wa wanafunzi! Kama unaandikia vijana wa kidato cha tatu, sijui unasubiri nini.

Ona pia kwamba mambo hayo hayagawanyiki kuwa mema na mabaya. Kuna aliyekosewa, kuna deni, kuna heshima isiyotolewa. Ukiweka "bwana wa giza" katikati yao, umeandika kitu kingine.

Kwa mfano wangu nilimchukua funayurei, mzimu wa waliokufa maji. Hutokea usiku karibu na chombo na kuomba kata ya kuchotea maji, ile ambayo mabaharia wetu huiita upo. Ukimpa, anachota bahari na kuimimina chomboni mwako hadi mzame. Ukimnyima, anakasirika. Kwa hiyo wavuvi hubeba kata isiyo na kitako: unampa, anachota na kuchota, maji yanapita, nanyi mnaondoka. Waswahili tuna bahati hapa, maana kwetu mwiko, ndugu yake kata, ni kijiko cha jikoni na pia ni jambo lisilofanywa. Sikuutumia utani huo kwenye riwaya, lakini ulinisaidia kujua niko mahali sahihi.

Niseme ukweli: masimulizi ya kata hiyo tunayajua zaidi kutoka maandishi ya enzi ya Edo, karne kadhaa baada ya vita vya Dan-no-ura. Nimeyarudisha nyuma kwa makusudi. Inaruhusiwa, mradi unajua kwamba umefanya hivyo.

Pa kutafutia: msanii Toriyama Sekien alichapisha kitabu cha picha za viumbe hawa mwaka 1776, na picha zake zinapatikana bure mtandaoni. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa Kijapani kilichoko Kyoto, Nichibunken, kina hazina ya picha na maelezo. Hata kama husomi Kijapani, picha peke yake zitakutoa kwenye ile sura moja ya katuni.

Hatua ya 3: Mpe mtu sababu ya kulivunja sharti

Sharti bila mtu wa kulivunja ni methali ukutani. Jiulize: ni nani ambaye kwake sharti hili ni gumu kuliko kwa wengine wote?

Si samurai. Samurai ana jeshi, ana farasi, na wameandikwa vya kutosha. Nilimchukua Nagi, msichana mpiga mbizi anayeibua kombe na mwani. Pwani za Japani zina wanawake wa kazi hiyo tangu zamani sana. Mwaka wa hadithi ni 1190. Vita vimepita miaka 5. Jemadari Yoshitsune, aliyeshinda pale, amekwisha kujiua mwaka uliotangulia, baada ya kushambuliwa kwa shinikizo la kaka yake mwenyewe, na kaka huyo, Yoritomo, bado hajapewa cheo cha shogun; atakipata 1192. Kwa hiyo hata washindi hawana amani. Afisa anafika kijijini: upanga utafutwe tena. Atakayeupata, kijiji chake kitasamehewa kodi.

Mashua ya Nagi inavuja. Bila kata nzima ya kukumba maji, atazama. Akiwa na kata nzima, funayurei ataiomba. Umeona? Sikubuni hatari nyingine. Nilitoboa mashua tu.

Tahadhari moja ya umri. Zamani Wajapani walimhesabu mtoto kuwa na mwaka 1 siku anayozaliwa, na kila mwaka mpya wote waliongezewa mmoja. Ndiyo maana vitabu vingine husema Antoku alikufa na miaka 8. Nagi "wa miaka 16" kwa hesabu ya kwao ni wa 14 au 15 kwa hesabu yetu. Amua mapema, kisha usiyumbe.

Hatua ya 4: Pima kila kitu kwa mwaka wako

Lile swali la rafiki yangu. Mwaka 1190 mvuvi hali sushi ile tunayoiona kwenye picha. Hiyo ni ya mji wa Edo wa karne ya 19. Hakuna pilipili, hakuna viazi vitamu, hakuna bunduki, hakuna tumbaku. Mchele upo, ila maskini wengi wanakula nafaka nyingine, kama shayiri. Hakuna nguo za pamba mwilini mwa mtu wa kijiji: pamba ilikuja kuenea karne nyingi baadaye, kabla yake walivaa nguo za nyuzi za mbangi. Shujaa wa vita wa wakati huo kwanza ni mpiga mishale juu ya farasi, upanga baadaye.

Mwezi ulinifunga. Nilikuwa nimeandika tukio la kumbukumbu: usiku uleule wa vita, mwezi mpevu ukiangaza bendera zinazoelea. Halafu nikaona kwamba kwa kalenda yao ya mwezi mwandamo vita vilikuwa tarehe 24 ya mwezi wa tatu. Mtu yeyote wa pwani anajua mwezi wa tarehe 24: umekonda na unachomoza usiku wa manane umepita. Nikafuta mwangaza wote. Ukurasa ulipata nafuu, maana Nagi mdogo sasa aliwasikia tu watu majini, hakuwaona.

Hatua ya 5: Kiandike Kiswahili, si tafsiri

Kijapani na Kiswahili vinapatana kwa sauti. Karibu kila silabi yao inaishia kwa irabu, hivyo Nagi, Tomoe, Yoritomo yanateleza mdomoni. Hata ile "no" katika Minamoto no Yoshitsune ni "wa" yetu. Lakini upatano huo una mitego. Wapiga mbizi wanawake kwa Kijapani huitwa ama. Jaribu kuandika "ama mmoja ama wawili" uone. Pweza kwao ni tako. Jina la dubu sitaliandika hapa, na ukiwa na mhusika mwenye jina hilo, mwite kitu kingine. Soma kila jina kwa sauti mbele ya watoto wa shule. Wakicheka, badilisha.

Ngeli: viumbe wote wapeleke a/wa. Kappa amekuja, funayurei wanaomba. Kimono kitakuvuta kwenye vimono, na sioni ubaya. Tatizo ni pale kitsune, yaani mbweha kwa Kijapani, wanapoanza kuwa vitsune. Mbweha tunaye, mwite mbweha. Kanuni yangu ni kwamba kama Kiswahili kina neno, nalitumia. Neno la Kijapani nalibakiza kwa kile ambacho hatuna, na nakieleza kwa kukionyesha kikifanya kazi, si kwa mabano.

Heshima ndiyo sehemu tamu. Watafsiri wengi hubakiza san na sama, vile viambishi vya heshima vinavyofuata jina, kila mstari. Huhitaji. Wajapani, kama sisi, humwita mgeni kwa majina ya udugu: mjomba, shangazi, dada, babu. Basi Nagi anamwita mzee wa kijiji Babu, anamwita afisa Bwana Mkubwa, na anapomwita afisa "wewe" kwa mara ya kwanza, sura ya 11, msomaji wa Kiswahili anashtuka bila maelezo yoyote. Shikamoo niliiacha. Inamrudisha msomaji nyumbani ghafla.

Na saa! Siku yao ya zamani waliigawa vipande 12 vyenye majina ya wanyama. Saa ya ng'ombe ni kati ya saa saba na saa tisa usiku, na robo yake ya tatu, saa nane hivi, ndiyo saa ya mizimu. Andika "saa ya ng'ombe" pasipo wasiwasi. Kila mmoja wetu ameamka saa nane za usiku akasikia kitu.

Hatua ya 6: Ukitaka Mwafrika ndani yake, pitia mlango wa kweli

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lipo kwenye kumbukumbu. Wareno, haohao waliovamia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, walifika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543 wakiwa na bunduki. Mwaka 1579 padri Alessandro Valignano alifika Japani akiwa na Mwafrika ambaye Wajapani walimwita Yasuke. Wengi humhusisha na Msumbiji. Mwaka 1581 alikutana na mbabe wa vita Oda Nobunaga huko Kyoto. Nobunaga hakuamini rangi yake, akaagiza aoshwe. Kisha alimchukua katika utumishi wake, akampa upanga na nyumba. Bwana wake alipovamiwa katika hekalu la Honno-ji mwaka 1582, Yasuke alikuwepo. Baada ya hapo kumbukumbu zinamwacha.

Ni hadithi kubwa, ila ni ya 1582. Usimsukumie mwaka 1190. Na tafadhali, usimfanye mtu huyo shujaa asiyewahi kuchoka wala kuogopa. Mtu aliyeoshwa mbele za watu kama sufuria ana mengi zaidi ya kusema.

Hatua ya 7: Anza na tukio ambalo sharti linadai

Usianze na sura ya kwanza. Sura ya kwanza utaiandika mara tisa. Andika usiku ule mzimu anapoomba. Wangu ulianza hivi:

Mkono ulitoka majini, mweupe kama tumbo la ngisi, ukashika ubavu wa mashua. "Nipe kata," ilisema sauti.

Nagi alikuwa na kata mbili miguuni. Moja bibi yake aliitoboa kitako mwaka ule wa vita, na tangu hapo haikuwahi kushushwa chomboni. Ya pili ilikuwa nzima, naye alikuwa akikumbia maji tangu aache ufuko, kwa sababu magome yaliyozibia ubao wa tatu yalikuwa yameoza.

"Nipe kata."

Safari hii alisikia kwamba ni sauti ya mtoto. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya mtoto aliyeamshwa usiku akaambiwa avae, kuna safari.

Ukifika hapo, usiamue bado. Chukua karatasi mbili. Kwenye ya kwanza msichana atoe kata nzima, uone nani anazama na nani anaokolewa. Kwenye ya pili atoe ile iliyotobolewa, kama wavuvi wote walivyofundishwa. Nilidhani ya kwanza ndiyo yenye hadithi. Ilikuwa ya pili: mtoto alichota, akachota, akachota, halafu akaigeuza kata kuangalia ina nini, na kupitia tundu lile akamtazama Nagi usoni.